Neno Nililolibeba Mwaka Mzima

Madame Mwila alifariki Mutshatsha wakati wa kiangazi, asubuhi, na habari zilinifikia Kolwezi kabla sijamaliza chai yangu. Aliyenipigia simu ni Kabeya, mtoto wa baba yangu mkubwa. Siku hizi ni mzee mwenye mvi na tumbo, lakini sauti yake ya kwenye simu ni ileile ya mvulana niliyekaa naye benchi moja. "Ngalula," akasema, "mwalimu yetu wa Kingereza ametuacha. Kule Mutshatsha hana ndugu, na huku vilevile hana. Basi tunamuleta ku Kapata. Matanga itakuwa kwetu." Nilimshukuru Mungu kwanza, kama nilivyozoea kufanya hata mbele ya habari nzito, kisha nikabaki nimekaa, maziwa yakishika utando juu ya kikombe. Ndipo neno moja la Kiingereza lilipokuja kukaa nami mezani kama mgeni asiyebisha hodi. Sikuwa nimelitamka kwa miaka mingi, na sina mtu wa kulitamkia. Ni neno befit. Kwa mwaka mzima wa ujana wangu nilitembea nalo kama mtu anavyotembea na mtoto mgongoni, na kwa sababu yake nilikaribia kumkosesha mwanamke mwema mahali pa kulala.

Namna nilivyofika kuishi Kapata kwa Tata Mbuyi nitaiacha. Inatosha kusema kwamba alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu na baba yake Kabeya, kwamba sote tulimwita tata, yaani baba, kwamba alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya madini na mzee wa kanisa, na kwamba nilikuwa na miaka kumi na saba. Nyumba za Kapata, mtaa wa wafanyakazi pale Kolwezi, zilijengwa kwa mistari, zote za sura moja, hata mgeni aliyepotea angeweza kuingia kwa jirani na kukaa kabla ya kugundua kwamba picha ukutani si za ndugu zake. Nakumbuka sakafu ya sebule yetu, nyekundu, tuliyoisugua kila Jumamosi kwa dawa iliyonata magotini. Nakumbuka mwanga wa kiangazi ukiingia na vumbi lake, ukasimama katikati ya chumba kama nguzo, na mimi nikipitisha mkono ndani yake bila sababu. Mezani palikuwa na viti vinne, na kimoja tu kilikuwa na mgongo mzima. Uani palikuwa na mbabula, jiko letu la makaa, na mke wa Tata, Mama Kapinga, ameinama juu yake akisonga bukari, ugali wetu, huku mwiko ukigonga sufuria kwa mlio ambao mpaka leo nikiusikia kwa jirani nasimama kidogo. Huwa naomba niusikie tena siku nitakapoitwa kwenye makao ya milele, ikiwa huko nako wanakula.

Madame Mwila alikaa mstari wa tatu kutoka kwetu. Alizaliwa upande wa pili wa mpaka, Zambia, akaolewa na fundi wa umeme wa hapa Kolwezi, na mumewe akafa bila kumwachia mtoto. Alasiri, baada ya shule, alitufundisha Kiingereza sebuleni kwake, vijana sita hivi, nasi tulimletea alichonacho kila mmoja: makaa, mihogo, wakati mwingine sabuni. Kitabu hakuwa nacho. Kwa hiyo alibuni njia yake, na sijaona mwalimu mwingine aliyefundisha vile. Siku ya kwanza alimpa kila mwanafunzi kitenzi kimoja, akibebe mwaka mzima. Mwenye kitenzi hicho alipaswa kukitafutia sentensi katika maisha yetu ya Kapata, si katika maisha ya Waingereza, aziandike daftarini, na kila Jumamosi azisome mbele ya wenzake. Kabeya alipewa kukimbia. Msichana wa nyumba ya pili alipewa kungoja. Mwingine alipewa kula, tukamwonea wivu sote. Mimi nikapewa neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, na Kabeya akacheka mpaka akakohoa.

"Yangu minaionaka kila siku," alinitania njiani. "Batoto banakimbia, mbuzi inakimbia. Weye yako iko wapi? Ionyeshe!"

Nilirudi kesho yake nikaomba nibadilishiwe. Madame Mwila alikuwa akipepeta mchele kwenye ungo mlangoni, na hakuuweka chini. Alisema, "Nilikupa ile juu uko mutoto wa kuangalia. Bengine banaongea, weye unaangalia." Kisha akanieleza, taratibu, kwa Kiswahili chake chenye harufu ya Kibemba. Neno hili, alisema, si la kutosha, kama kiatu kinavyotosha mguu. Si la kupendeza tu, kama kitambaa kinavyompendeza bibi harusi. Linasema kwamba kitu kinamfaa mtu kwa jinsi alivyo, au kinaifaa siku kwa jinsi ilivyo, hata kama mtu huyo hakukiomba. Hutalisikia sokoni, na huwezi kununulia samaki neno hili. Watu hulitoa siku za maana, kama vile kanisani, kwenye barua ya rambirambi, mbele ya mkubwa, pale mtu anapotaka kusema kwamba heshima fulani imekaa mahali pake. Unaweza kusema wimbo unaifaa sikukuu, au kwamba kelele hazikifai kilio. "Na uchunge," alisema, akipuliza makapi, "neno hii haipende mutu ajisemee mwenyewe. Mutu hawezi kusimama na kusema, heshima hii inanifaa miye. Anaweza, lakini bantu batamucheka. Ni mwingine njo anakusemea."

Nilipofika nyumbani nilimuuliza Mama Kapinga sisi tunalisemaje. Alifikiri, mwiko ukiwa hewani. "Inafaa," akasema. Nikamwambia kwamba sisi tuna maneno mengi, kufaa, kustahili, kupasa, na kila moja limeshika ncha moja tu ya kitambaa, lakini Waingereza wana neno linaloshika ncha zote. Mama Kapinga akaniangalia kwa huruma. "Inafaa njo nini? Inafaa uoshe masahani, mama. Anza na ile ncha."

Nikaanza na ile ncha, na nilipokuwa naosha masahani nikapata sentensi yangu ya kwanza. Kiti chenye mgongo kinamfaa mgeni. Hakuna aliyetuambia hivyo kwa maneno, lakini mgeni alipoingia sote tuliinuka kumwachia kiti kile, hata Tata. Sentensi ya pili ilinichukua wiki. Tata Mbuyi alipokuwa kwenye zamu ya usiku alirudi asubuhi, akaketi, akala bukari na sombe ya majani ya mihogo bila kusema neno, nasi tulitembea kwa ncha za vidole. Nilidhani ni kwa kumwogopa. Siku moja nilimtazama vizuri akila, nikaona anavyotikisa kichwa kidogo, mara kwa mara, kama mtu mwenye maji sikioni. Nikaandika: Kimya kinamfaa mtu aliyetoka zamu ya usiku, kwa sababu masikio yake bado yamejaa mashine. Madame Mwila alipoisoma alilifunga daftari mapajani mwake, akatazama nje kwa muda mrefu. Mumewe naye alikuwa akitikisa kichwa vile. Hilo aliniambia baadaye. Siku ile alisema tu, "Hii iko muzuri. Endelea."

Ninapoandika haya nafahamu kwamba mwaka ule nilijifunza kusali kuliko nilivyojifunza Kiingereza. Kutazama mtu mpaka uone kinachomfaa, kisha unyamaze, ni nusu ya maombi. Nusu ya pili ni kungoja, nami sikuwa nimepewa neno la kungoja. Nilikuwa na haraka ya ujana. Daftari lilipojaa mpaka katikati nilianza kujiona kama mwenye mizani. Nilipima watu kimoyomoyo. Huyu amekaa mbele kanisani, hapamfai. Yule ameachiwa maji ya chini ya mtungi, hayamfai. Na mtu niliyemwona amepewa kidogo kuliko wote, kwa macho yangu, alikuwa Madame Mwila. Watu walimwita mwanamke wa ng'ambo. Kwenye vikao vya akina mama aliketishwa karibu na mlango, na chai ilimfikia imepoa.

Kiangazi kilipoanza kuwa kikali, maua ya porini yakiwa yamekauka na vumbi la Kingamyambo, kule kunakomwagwa mchanga wa mabaki ya madini, likitujia na upepo, jeupe-jeupe kama unga, tulisikia kwamba nyumba yake itapewa familia nyingine. Ilikuwa nyumba ya mfanyakazi, na mfanyakazi alikuwa kaburini. Madame Mwila aliliomba kanisa letu chumba cha nyuma, kilichowekwa majembe na mabenchi yaliyovunjika, alale humo na afundishe humo. Kama wazee wangekataa, angerudi ng'ambo kwa watu waliokwisha kumsahau, na darasa letu lingekwisha naye. Nilisikia mazungumzo ya wazee juu ya hilo nikiwa nimechuchumaa uani nikichambua mboga ya lenga-lenga, dirisha la sebule likiwa wazi juu ya kichwa changu.

"Hana mutoto, hana ndugu," sauti moja ilisema. "Kesho akigonjwa, nani atamubeba?"

"Kanisa," akajibu Tata Mbuyi.

"Na ile Kingereza? Anafundisha babinti yetu kuangalia bantu mu macho."

"Sijue kama ni zambi," Tata alisema. "Tumuite. Tukule naye, tumuulize, tuone."

Ikapangwa Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwetu, na Mama Kapinga akachinja kuku. Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu, watu wa asili ya Kasai, halihitaji maelezo. Kuku wa mgeni hukatwa kwa viungo vyake, na viungo vinajulikana. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Anaweza kuila, au akaitoa kwa mkono wake mwenyewe na kumwekea mtu anayetaka kumheshimu, na hapo watu wote mezani huelewa kwamba neno kubwa limesemwa. Mwanamke haili. Msichana anayepika haionji hata kwa ajili ya chumvi. Kuku akifika mezani bila firigisi, hilo ni tusi la kuitishia kikao cha ukoo, na nimeona ndoa zikitikisika kwa kipande kile kidogo kisichojaza kiganja cha mtoto. Mama Kapinga alikuwa amenifundisha hayo kabla sijafundishwa kushika mwiko.

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Siku ile Mama Kapinga alipakua bakuli mbili. Moja kubwa ya wazee, firigisi ikiwa juu, imeng'aa kwa mchuzi wa nyanya, na moja ndogo ya Madame Mwila, yenye bawa na shingo. Akanikabidhi sinia. Kati ya jiko na sebule palikuwa na ukumbi mwembamba wenye giza la mchana, baridi, unaonuka ile dawa nyekundu ya sakafu. Nilisimama humo. Nilisikia wazee wakicheka upande wa pili wa pazia, nikasikia kiti kikiburutwa, nikajua bila kuona kwamba ni kile chenye mgongo na kwamba hawakumpa Madame Mwila. Sentensi ikaja nzima kichwani, kwa Kiingereza kwanza, jambo ambalo halijawahi kunitokea tena: Firigisi inamfaa yule anayetulisha maneno. Nikaitoa kwa vidole vyangu kwenye bakuli kubwa, nikaiweka juu ya bawa na shingo, nikafunika, nikaingia.

Tata Mbuyi aliomba, akafunua bakuli. Akatazama. Akageuza nyama kwa kijiko, taratibu, upande huu na upande ule. Kisha mzee mmoja, fundi wa mashine aliyependa mizaha, akajaribu kuokoa meza. "Hii kuku ilizaliwa bila firigisi? Itakuwa kuku ya Kingamyambo hii, ilikulaka mchanga mpaka firigisi ikaisha." Wawili wakacheka, wakakoma. Ndipo Madame Mwila alipofunua bakuli yake.

Hakunitazama. Nilisimama karibu na pazia nikingoja anitazame, nikingoja afurahi, na yeye hakuinua macho. Aliinuka, akaishika bakuli kwa mikono miwili, akapiga magoti juu ya ile sakafu nyekundu mbele ya Tata Mbuyi na kuinamisha kichwa. "Tata," akasema, "hii ya kwenu ilipotea njia." Tata akaichukua. Akaiweka ukingoni mwa sahani yake na hakuila. Wazee wakala haraka, kama watu wanaokimbia mvua, wakasali, wakaaga. Hakuna aliyemuuliza Madame Mwila hata swali moja. Neno la chumba halikutajwa.

Uani Mama Kapinga alinishika bega. "Weye njo ulitosha ile firigisi mu bakuli ya batata?"

"Ni miye, Mama."

"Unajua banawaza nini pale? Banawaza ule mwanamuke njo alikutuma. Banawaza anataka kukaa ku kiti ya baba yako mukubwa. Ee Mungu wangu, Ngalula, kuku yote ile, na ulienda kugusa firigisi!" Kisha akaketi juu ya kigoda, akaanza kulia, na machozi yake yalinitisha kuliko kofi.

Kesho yake nilikwenda kwa Madame Mwila. Alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyake kwenye vitambaa, na sebule ilikuwa tupu, ina mwangwi. Nilipiga magoti, nikasema nilitaka kumheshimu. Akaniinua, akanikalisha juu ya fungu la mablanketi, na maneno aliyoniambia nimeyabeba mpaka leo kuliko mahubiri mengi.

"Hukukosa neno," alisema. "Ulikosa mukono. Kitu kinaweza kumufaa mutu, ni kweli, lakini kama haiko yako ya kupana, unamupa muzigo. Ulinipa kitu ya mwingine, mbele ya mwenyewe." Akalainisha ncha ya kitambaa. "Na miye vilevile nilikosa. Unawaza nilipiga magoti juu ya heshima? Hapana, mama. Nilipiga magoti juu ya chumba. Niliogopa. Niliona ile firigisi, na nilisikia furaha, na juu ya ile furaha niliogopa zaidi." Akacheka kidogo, kwa pua. "Siku moja mwenyewe atakupa, na mukono wake. Ile siku usifanye sawa vile miye nilifanya."

Nilimuuliza nifanye nini sasa. Akasema, "Unajua."

Nilijua. Nilingoja siku mbili, kwa sababu Tata alikuwa kwenye zamu ya usiku na mimi nilikuwa mwoga. Asubuhi ya tatu aliporudi, akaketi, Mama Kapinga akamletea maji ya kunawa, na nyumba ikanyamaza kama kawaida. Mwanga ulikuwa umesimama katikati ya sebule. Niliingia nikaukata, nikapiga magoti, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtu akasema neno wakati Tata anakula baada ya zamu.

"Tata, ile firigisi ni miye njo niliitosha. Madame hakujua kitu."

Akatafuna. Akameza. "Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu, Tata. Ni neno yangu ya masomo." Ilikuwa jibu la kipumbavu, lakini lilikuwa la kweli, na sikuwa na jingine.

"Lete."

Nilileta daftari. Akaligeuza-geuza, hakujua Kiingereza, akanirudishia. "Soma na Swahili." Nikasoma. Nilisoma sentensi ya kiti na mgeni, na macho yake yakaenda kwenye kile kiti. Nilisoma kwamba maji yanamfaa mfiwa kabla ya maneno. Nilisoma ile ya kimya, na mtu aliyetoka zamu ya usiku, na masikio yaliyojaa mashine. Tonge lilikuwa limefika nusu ya njia kwenda kinywani. Akalirudisha sahanini.

"Ni nani alikuambia habari ya masikio yangu?"

"Hakuna, Tata. Ninaonaka vile unakula."

Nilisikia kuku mwingine uani, mzima, akichakura majivu. "Miaka yote hii," alisema mwishoni, na hakuwa akisema nami, "niliwaza munanyamaza juu ya kuniogopa." Kisha akaniuliza kama ni yule mwanamke aliyenifundisha kuona hivyo. Nikasema ndiyo. Akaniambia nisome iliyobaki, nami nikasoma mpaka ile ya firigisi. Tata alinawa, akavaa koti lake la kanisani juu ya nguo za kazi, na bila kulala akatoka kwenda kuwatafuta wazee wenzake. Alichowaambia nilikipata kwa Mama Kapinga, aliyekipata kwa mke wa yule fundi wa mashine: "Aliyekosa ni mutoto wa nyumba yangu. Mwalimu yake hakukosa."

Wakampa chumba. Hawakumpa jina la mwalimu wa kanisa, na kwa miaka aliyokaa pale aliitwa tu mama wa Kingereza. Lakini siku ya kuhama Tata Mbuyi alikibeba kile kiti chenye mgongo kichwani mwake, akapita nacho mistari mitatu ya nyumba, watu wakitazama, akakiweka ndani ya chumba cha majembe, akamwambia Madame Mwila aketi. Sisi tukabaki na viti vitatu. Nilitamani aende mbele zaidi. Kila kuku aliyechinjwa mwaka ule, na Madame akiwa amealikwa, nilitazama mkono wa Tata. Haukwenda kwake hata mara moja. Nilikasirika kimoyomoyo kwa muda, kisha nikaacha. Tata alikuwa ametoa alichoweza kutoa, na mimi nilikuwa nimejifunza kwamba mkono si wangu. Baadaye Madame alihamia Mutshatsha, karibu na reli, akafundisha watoto wa huko mpaka macho yakamwishia nguvu. Wanafunzi wake wawili wa huko, ambao sasa ni wachimbaji huku Kolwezi, walilishika jeneza lake kwa mikono yenye nyufa za kijani cha madini ya shaba, wakalishusha kwenye udongo mwekundu taratibu kama watu wanaoweka yai. Mmoja aliniambia kwamba neno lake lilikuwa kusamehe. Alisema bado analitafutia sentensi.

Baada ya mazishi tulirudi Kapata, katika nyumba ileile. Tata Mbuyi na Mama Kapinga wamekwisha kutangulia, na mwenye nyumba sasa ni Kabeya. Sakafu imepigwa saruji ya kijivu, viti ni vya plastiki, na dirisha ambalo chini yake nilichambua lenga-lenga limezibwa. Lakini mwanga uliingia kwa mlango, ukasimama katikati ya chumba, nami nikajizuia nisipitishe mkono, kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa na watu walikuwa wananitazama. Niliongoza sala. Tukaketi, bakuli zikaja, Kabeya akafunua yake. Tulikuwa tukiongea habari za Madame, namna alivyopuliza makapi, namna alivyotuacha tucheke kisha akatunyamazisha kwa kidole kimoja. Kabeya alisema kwamba kwa mwaka mzima alikimbia na hajui mpaka leo alikuwa akienda wapi, watu wakacheka kama watu wanavyocheka kwenye matanga, wakifuta macho.

Kisha akaacha kucheka. Akainuka na kijiko chake, akazunguka meza, mzee huyu mwenye tumbo, akasimama karibu nami. Kwa mkono wake wa kuume akaweka kitu kwenye sahani yangu, kidogo, cheusi-cheusi, kinang'aa kwa mchuzi.

"Mama Ngalula," alisema, na hajawahi kuniita mama, "hii ilipotea njia zamani."

Magoti yangu yalitaka kukunjika. Niliyasikia, yenyewe, yakitafuta ile sakafu nyekundu iliyo chini ya saruji. Mikono yangu ilikwisha kushika sahani pande mbili ili kuirudisha, na sentensi ya unyenyekevu ilikwisha kufika ulimini, nzuri, inayofaa kuandikwa kwenye barua. Nikamkumbuka mwanamke aliyekaa katika sebule tupu, kati ya vyombo vilivyofungwa, akicheka kwa pua. Nikaiachia sahani. Nikasema, "Aksanti, tata," kwa sababu siku ile kaka yangu alikuwa tata, nikaichukua kwa vidole, mbele ya wanaume wote na wasichana waliosimama karibu na pazia, nikala.

Ilikuwa ngumu kidogo, tamu. Chumvi ilikuwa imekolea vizuri.